Hospitali ya serikali au ya binafsi? Kwetu Nyanda za Juu Kusini swali ni nani analipa, na analipa lini

Mleta uzi

Kamwene wakuu. Na ndaga kwa wote wa Rungwe na Kyela.

Ukikaa kijiweni Kabwe au sokoni Mwanjelwa jijini Mbeya, mjadala wa hospitali una kambi mbili tu. Kambi ya kwanza inataka serikali ishike kila kitu na tiba iwe bure kama enzi za Mwalimu. Ya pili inasema serikali imeshindwa, hospitali waachiwe watu binafsi, ushindani utaleta huduma nzuri na bei itashuka yenyewe. Mimi naona kambi zote mbili zinabishania bango la getini. Nani anamiliki jengo ni swali la pili. La kwanza ni hili: pesa ya matibabu inatoka kwa nani, na inatoka lini? Ikidaiwa mtu akiwa ameshaugua, pale dirishani, mkulima wa Isongole au Uwemba ameshaachwa nje, awe hospitali ya mkoa au kwa daktari binafsi.

Nitaeleza kirefu, mwenye haraka aniwie radhi.

Nianze na hizo enzi za Mwalimu, maana huwa tunazikumbuka nusu. Ni kweli baada ya Azimio la Arusha la 1967 zahanati na vituo vya afya vilijengwa vijijini kwa kasi, na hospitali za umma hazikutoza. Mwaka 1977 ikapitishwa sheria ya kuzuia tiba binafsi ya kutafuta faida. Lakini hospitali za misheni hazikufungwa, na huku kwetu ndizo zilizoendelea kubeba mzigo mkubwa. Kisha uchumi ukayumba, dawa zikaadimika miaka ya themanini, na mwaka 1991 sheria ikarekebishwa, madaktari binafsi wakaruhusiwa tena. Mwaka 1993 ikaja sera ya kuchangia gharama, ikaanzia hospitali za rufaa na za mikoa, za wilaya zikafuata. Tangu hapo hospitali ya serikali si ya bure tena. Ni ya bei nafuu, yenye msamaha kwa makundi fulani: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wasio na uwezo, wenye kifua kikuu, wenye VVU na wengineo. Anayesema "turudi serikalini tutibiwe bure" anazungumzia kitu kilichoondoka zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Sasa tazama ramani ya kwetu. Tosamaganga na Ilula upande wa Iringa. Ilembula, Ikonda, Bulongwa na Lugarawa mkoani Njombe. Chimala, Igogwe, Itete na Matema mkoani Mbeya. Mbozi Misheni na Isoko kule Songwe. Peramiho na Litembo ukishuka Ruvuma. Zote za makanisa. Hizi ni za umma au za binafsi? Jengo ni la dayosisi au la shirika. Baadhi ya waganga na wauguzi wake wanalipwa mshahara na serikali. Kadhaa zimewahi kuwa hospitali teule za wilaya: serikali, badala ya kujenga yake, iliingia mkataba ile ya kanisa ifanye kazi hiyo. Mgonjwa analipa kidogo, bima inalipa kidogo, wafadhili wanaleta kidogo. Watu wanapanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda Ikonda, kwenye baridi ya Makete, na Dar wameacha hospitali kila mtaa. Mgonjwa wa pale ukimwuliza amekwenda umma au binafsi hana jibu, wala halimhusu. Anachotaka ni daktari awepo, dawa iwepo, na akitoka asiuze shamba.

Tuvuke mipaka kidogo, kwa sababu kila kambi ina nchi yake inayoitaja.

Kambi ya serikali inataja Uingereza. Huduma yao ya taifa, NHS, ilianza tarehe 5 Julai 1948 chini ya waziri Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa ya mawe kutoka Wales. Hospitali zikawa mali ya umma, pesa ikatoka kwenye kodi, na mgonjwa hadaiwi anapoonana na daktari. Lakini hata pale si kila kitu ni cha serikali. Madaktari wa mitaani, wale wanaomwona mgonjwa kwanza kabla hajapewa rufaa, wengi wao hawajaajiriwa na serikali. Wana vituo vyao na wanalipwa kwa mkataba. Na ili mabingwa wakubali kujiunga, Bevan aliwaruhusu waendelee kuwaona wagonjwa wa kulipa pembeni.

Kanada ni mfano mzuri zaidi kwetu, na hautajwi kabisa. Ilianzia jimbo la wakulima wa ngano, Saskatchewan. Mwaka 1947 serikali ya Tommy Douglas ikaanzisha bima ya hospitali kwa wakazi wote wa jimbo. Mwaka 1962 jimbo likaongeza malipo ya madaktari, madaktari wakagoma wiki tatu hivi, mgomo ukaisha kwa makubaliano na mpango ukabaki. Nchi nzima ikafuata kwa sheria ya 1966. Hadi leo madaktari wengi wa Kanada wanajitegemea na kliniki ni zao. Ila bili haiendi kwa mgonjwa, inakwenda kwa serikali ya jimbo. Daktari binafsi, mlipaji wa umma.

Ujerumani ilianza mapema kuliko wote, 1883, enzi za kansela Bismarck. Wao kwa sehemu kubwa hawatumii kodi, wanatumia mifuko ya bima. Mfanyakazi anakatwa, mwajiri naye anachangia, na karibu watu tisa kati ya kumi wako kwenye mifuko hiyo ya kisheria. Hospitali ziko za manispaa, za makanisa na za makampuni, zote zinalipwa kwa utaratibu mmoja.

Halafu Marekani, nchi ya kambi ya pili. Inatumia kama asilimia 17 ya pato lake lote la taifa kwenye afya, kuliko nchi yoyote tajiri, na bado watu zaidi ya milioni 25 hawana bima, na wastani wa umri wa kuishi uko chini ya Uingereza na Kanada. Hata hivyo si kweli kwamba ni ya binafsi tupu. Tangu 1965 serikali yao inalipia wazee kwa Medicare na maskini kwa Medicaid. Kwa sheria ya 1986 hospitali zinazopokea fedha za Medicare haziruhusiwi kumfukuza mgonjwa wa dharura kwa kukosa pesa. Zinamhudumia, kisha bili inamfuata nyumbani. Kuna Wamarekani wengi wanaolipa madeni ya hospitali miaka na miaka.

Ukiziweka pamoja, Uingereza, Kanada na Ujerumani hazifanani kabisa kwa umiliki. Zinafanana kwa jambo moja: mwenye afya na mgonjwa wanachanga kabla, kwa lazima, kila mmoja kwa kipato chake, na anayeugua hakuti dirisha la malipo. Marekani imekosa hapo hapo, ingawa ina madaktari hodari na mashine za kila aina.

Kwetu mfuko wa namna hiyo upo kwa mtumishi. Sheria ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ni ya 1999, kazi ilianza 2001, makato ni asilimia 6 ya mshahara, nusu yako nusu ya mwajiri. Mwalimu wa Rujewa anatibiwa kwa kadi. Mkulima anayemlimia mwalimu huyo mpunga hana. Kwa mkulima ilikuwapo CHF, mfuko wa afya ya jamii, iliyojaribiwa Igunga 1996, ikaboreshwa 2018 kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita. Ilikuwa hiari. Na hiari ndiyo inayoua mifuko hii. Anayejiunga ni yule anayejua ataugua, mzima anasubiri. Tuliliona kwenye Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF: wazazi walilipa shilingi 50,400 kwa mtoto, wengi wakisajili mtoto akiwa tayari mgonjwa, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Watu walikasirika, na nilikasirika pia kwa ajili ya watoto wenye selimundu na matatizo ya moyo. Lakini hesabu yenyewe haikuwa na namna. Mfuko wa wagonjwa watupu haudumu popote duniani.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Imeelekeza kuwe na fedha za kuwalipia wasio na uwezo, zikitoka kwenye vyanzo kama ushuru wa vinywaji baridi, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Hoja yangu kwa sisi wa huku ni moja: mkulima achangie wakati ana pesa. Kahawa ya Mbozi ina msimu wake. Kakao ya Kyela inauzwa kwenye mnada kupitia vyama vya msingi. Chai ya Rungwe na Mufindi inalipwa kila mwezi. Ukimwendea mkulima Januari, ada za shule mkononi na mbolea haijanunuliwa, usimwambie habari za bima. Mwendee siku ya malipo ya mazao.

Karibuni tujadili.

Mwanjelwa Sokoni

Mkuu umeandika vizuri ila umewapendelea sana serikali. Mdogo wangu aligongwa na bodaboda mwaka juzi. Tulimpeleka hospitali moja ya umma, sitaitaja. Mashine ya X-ray mbovu, daktari wa zamu hayupo, tukaambiwa tusubiri. Mguu umevimba kama gogo. Tukamtoa tukampeleka kwa binafsi, picha ikapigwa muda uleule, mguu ukafungwa. Tulilipa, ndiyo, lakini anatembea leo. Binafsi wanakuheshimu kwa sababu wanajua ukiondoka umeondoka na pesa. Kwa serikali ukiondoka wamepunguziwa kazi. Mfuko wako huo wa kuchanga kabla utawapa pesa walewale wasiojali. Mimi nasema kila mtu abaki na pesa yake achague mwenyewe.

Mleta uzi

Pole sana mkuu, na ashukuriwe Mungu mdogo wako amepona. Ulichosema kuhusu kuheshimiwa ni kweli na sitakibeza. Muuguzi anayelipwa mshahara uleule awe amehudumia watu hamsini au watano, tena kituo chake hakibakizi chochote, unategemea dhamiri yake tu. Wengi wanayo. Wapo ambao hawana.

Lakini nikuulize. Ungekuwa huna hiyo pesa siku ile? Wewe una biashara Mwanjelwa. Kijana anayebeba mizigo mlangoni kwako angegongwa na bodaboda ileile, angehamishiwa wapi? Na ushindani una mahali unapofanya kazi na mahali usipofanya. Miwani, meno, kipimo cha damu cha kawaida, hapo mtu anaweza kuzunguka akauliza bei. Basi likipinduka Kitonga au lori likikosa breki Mlima Nyoka, majeruhi hana fahamu. Hachagui wala hapatani bei. Hali kadhalika mama aliyeanza kutoka damu usiku.

Kingine, angalia daktari binafsi anafungua wapi. Anafungua Mbeya mjini, Mafinga, Makambako, Tunduma, penye mzunguko wa pesa. Simlaumu, ana mkopo wa benki. Lakini hakuna atakayefungua hospitali ya faida Lupila au milimani kule Ileje. Waliokwenda huko ni serikali na makanisa, kwa sababu hawakwenda kutafuta faida.

Kuhusu pesa kwenda kwa wasiojali, dawa yake ni pesa kumfuata mgonjwa. Kadi moja, uitumie popote palipothibitishwa: ya serikali, ya kanisa, ya binafsi. Kituo kisichokuwa na X-ray kitakosa malipo ya X-ray. Hapo unapata ule ushindani unaoutaka, bila kumdai majeruhi.

Nesi Mstaafu Iringa

Wanangu, nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, kituo cha afya halafu hospitali. Niongeze jambo ambalo wachumi hawalisemi.

Huo msamaha mnaousoma kwenye sera, sisi tuliokuwa mezani ndio tuliougawa. Mjamzito bure. Mtoto chini ya miaka mitano bure. Mzee bure, akiwa na barua. Sawa kabisa, ni haki yao. Lakini nani anakirudishia kituo ile gharama? Glovu alizotumia mama yule zimetoka stoo. Dripu imetoka stoo. Mwisho wa mwezi unaangalia fedha za kununua dawa, zilizoingia ni za wale wachache waliolipa. Unaagiza Bohari ya Dawa pungufu. Mwezi unaofuata mama anakuja unamwambia ukweli: mwanangu, nenda na mumeo mkanunue glovu, wembe, pamba na kifunga kitovu dukani. Hapo msamaha umebaki kwenye karatasi, na muuguzi ndiye anayetukanwa.

Nilikuwa naona wasichana wa vijijini wanachelewa kuja kujifungua kwa sababu vifaa havijatimia. Si kwamba hawajui umuhimu. Wanaona aibu kufika mikono mitupu. Mwingine anafika kichwa cha mtoto kimeshatokeza, mwingine anafika tumechelewa wote. Hilo linanikaa moyoni mpaka leo.

Kwa hiyo mkisema bure, semeni pia nani analipa hiyo bure. Serikali ikitaka mama asilipe, ilete pesa kwa kila mama aliyezalishwa, iwe kwa serikali, iwe Tosamaganga au Ilula. Bila hivyo hospitali za misheni zitaendelea kutoza, maana hazina mahali pengine pa kupata, na watu watasema masista wamekuwa wafanyabiashara. Si kweli. Wafadhili wa nje wamepungua na mishahara imepanda.

Mleta uzi

Shikamoo mama. Hili ni kubwa kuliko yote niliyoandika juu. Msamaha usio na bajeti ni deni tunalomtwisha muuguzi. Nchi za Afrika zilikubaliana Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na sisi tulikuwamo. Pengo hilo la stoo linaanzia huko juu.

Kasumulu Mpakani

Sisi wa Kyela tuna mfano mlangoni. Ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi, na huduma za kawaida kwenye hospitali za serikali za Malawi hazitozwi. Hakuna dirisha la malipo unalolisema. Watu wa upande huu wamekuwa wakivuka wakiwa na ndugu kule, maana mpakani lugha ni moja na makabila ni yaleyale. Lakini mkuu, bure yao ina ugonjwa uleule alioutaja mama muuguzi: unaandikiwa dawa, dawa hakuna. Hospitali za makanisa kule zinatoza, na serikali imeingia nazo mikataba ya kuwalipia hasa akina mama na watoto. Ile mikataba ndiyo inasaidia. Pesa ya serikali ikichelewa, misheni inarudi kutoza, na mama anarudi nyumbani.

Na wa Tunduma waseme kuhusu Zambia. Waliondoa ada vijijini mwaka 2006, halafu baadaye wakaleta bima ya taifa, mfanyakazi asilimia moja na mwajiri asilimia moja.

Mnyakyusa Ughaibuni

Ndaga fijo kwa uzi huu. Mimi ni wa Tukuyu, niko Uingereza kwa kazi ya kulea wazee, nataka kusahihisha picha mnayoiona huko mbali.

Kwanza, mhamiaji hatibiwi bure. Ukiomba viza ya kukaa muda mrefu, kwa viza nyingi unalipa tozo ya afya, tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa mwaka, na kodi ya mshahara unakatwa kama kawaida. Ukiandikiwa dawa, England unalipa pauni 9.90 kwa kila dawa, ingawa wazee, watoto, wajawazito na wengine wengi hawalipi. Scotland na Wales hawatozi hata hiyo.

Pili, foleni. Mwaka 2023 orodha ya matibabu ya kupangwa yanayosubiriwa England ilikuwa zaidi ya milioni saba. Nyonga, goti, mtoto wa jicho, mtu anaweza kusubiri zaidi ya mwaka. Mwenye pesa anakwenda binafsi anafanyiwa haraka. Kwa hiyo hata huku mwenye nacho ana njia yake.

Lakini niseme nilichokiona kazini. Mzee ninayemhudumia alipata saratani. Amefanyiwa upasuaji, mionzi, dawa za kila siku, gari la wagonjwa mara kadhaa. Familia haikukaa kikao cha kuchanga. Hakuna aliyeuza kitu. Walizungumza habari za ugonjwa tu, na namna ya kumfariji baba. Nilipompigia mama yangu Tukuyu kumwambia hivyo alinyamaza muda, kwa sababu baba yetu alipougua figo sisi tulizungumza pesa mpaka siku anatutoka. Ng'ombe kwanza, kisha shamba la migomba, kisha mikopo. Hatukupata nafasi ya kuzungumza naye mambo mengine. Hilo ndilo ninaloona mfumo wa kuchanga kabla unampa mtu, mbali na dawa.

Mwanjelwa Sokoni

Pole ndugu wa Tukuyu, umenigusa. Bado nina wasiwasi wangu. Hospitali kadhaa binafsi ziligoma kupokea wenye kadi za NHIF Machi 2024 kitita kipya cha bei kilipoanza. Walisema bei zilizopangwa hazifidii gharama. Mgonjwa mwenye kadi halali akarudishwa getini. Sasa kadi moja ya popote itakuwa na maana gani kama mlipaji na mtoa huduma wanagombana na mgonjwa yuko katikati?

Mleta uzi

Swali zuri, na ndiyo maana nasema mlipaji wa umma lazima awe na hospitali zake pia zinazofanya kazi. Kama serikali haina hospitali nzuri Mbeya, binafsi watapanga bei wanavyotaka kwa kuwa wanajua huna pa kwenda. Kama serikali ndiyo pekee inayotibu, itapanga foleni inavyotaka kwa kuwa inajua huna pa kwenda. Hospitali ya Kanda pale Mbeya na Wazazi Meta zikiwa imara, hospitali binafsi itakaa mezani izungumze bei. Kanada nao waligombana na madaktari, 1962, wakazungumza, wakafikia muafaka. Ugomvi wa bei utakuwapo daima kwenye mfuko wa pamoja. Ugomvi huo wafanye wao ofisini, na sheria imlinde mgonjwa aendelee kutibiwa wakati wanabishana. Kipengele hicho nataka kukiona kwenye kila mkataba na hospitali binafsi: hakuna kusitisha huduma ghafla.

Mkulima Mbozi

Mimi nina kahawa na mahindi kidogo. Mleta uzi umesema tukatwe siku ya malipo. Kabla hujamaliza nikwambie makato yaliyopo: kuna ya chama cha msingi, kuna ushuru wa halmashauri, kuna deni la pembejeo. Mkulima anaona kilo zake kwenye mizani, halafu anaona pesa iliyobaki, katikati hapo haelewi. Ukiongeza kato la bima bila utaratibu watu watauza kahawa kwa walanguzi usiku. Watakwepa chama na bima vyote viwili.

Pili, CHF niliwahi kukata. Nilifika zahanati nikaambiwa dawa hakuna, nenda duka la dawa. Nililipa mara mbili. Mwaka uliofuata sikukata. Jirani zangu wengi ni hivyohivyo. Msiseme wakulima hawaelewi bima. Kufa na kuzikana tunachanga kila msiba bila kulazimishwa na hakuna anayekwepa, kwa sababu akifiwa yeye anaona jeneza limekuja, chakula kimepikwa, watu wamejaa. Anaona. Na bima nayo ilete dawa zionekane, mtaona watu wanavyojiunga.

Kama kadi ingepokelewa Mbozi Misheni na hospitali ya serikali Vwawa vilevile, na dawa zipo, mimi ningekubali kukatwa. Sijui wenzangu.

Nesi Mstaafu Iringa

Huyu mkulima asikilizwe. Kadi isiyo na dawa ni kumuibia maskini, na ukishamuibia mara moja humrudishi kwa semina. Anzeni na stoo ya zahanati. Fedha za wanachama wa kijiji zikifika, zikanunue dawa za kijiji hicho kwanza, na kamati ya afya ya zahanati ibandike ubaoni kila mwezi: zimeingia ngapi, zimenunua nini, zimebaki ngapi. Kamati hizo zipo kisheria. Nyingi zimelala.

Mleta uzi

Nimewasoma wote. Mkulima wa Mbozi, makato uliyotaja ni sababu tosha ya watu kukasirika, kwa hiyo nalinyoosha pendekezo langu hivi. Kato lipigiwe kura kwenye mkutano mkuu wa chama cha msingi, lisiletwe na barua kutoka juu. Liandikwe kwenye stakabadhi kwa mstari wake peke yake, kiasi na jina la kaya, ili mkulima aone pesa imekwenda bima na haikumezwa na deni la pembejeo. Kadi iwe hai siku hiyohiyo. Na kabla ya msimu wa kwanza wa makato, zahanati ya kata iwe imeshajazwa dawa kwa fedha za serikali, kama mama alivyosema, ili mtu akikatwa akute kitu. Asiyekuwa na zao wala uwezo, kijiji kimtaje hadharani kwenye mkutano na alipiwe na ule mfuko wa ushuru wa vileo na vinywaji. Atumie kadi ileile ya rangi ileile, asijulikane dirishani.

Kwa wakulima wa viazi wa Uporoto na Njombe njia hii haifiki, kwa kuwa viazi vinauzwa shambani kwa madalali wa malori na chama cha msingi hakipo. Huko nafikiri ianzie kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo vinagawana akiba mara moja kwa mwaka. Siku ya mgawo pesa ipo mkononi na katibu yupo na daftari. Wa Isongole na Uwemba mtuambie vikundi vyenu vinavunja mzunguko mwezi gani, na kama katibu wa kikundi anaweza kuandikisha kaya zote siku hiyo.